Kabureta Mbili katika Injini Moja

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kabureta, na hasa juu ya kazi ya kufunga kabureta mbili, au hata tatu, katika injini ya motokaa ya zamani iliyotoka kiwandani ikiwa na kabureta moja tu. Vijana wengi hapa Mwanza huipenda kazi hii. Mara nyingi wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu wameniuliza: "Mwalimu, je, ni kweli kwamba motokaa yenye kabureta mbili ina nguvu mara mbili?" Swali hili ni zuri, nalo lastahili jibu lililo wazi.

Jibu lake ni kwamba si kweli. Kabureta haina nguvu yo yote ndani yake. Nguvu imo katika petroli inapoungua pamoja na hewa. Kabureta ni mpimaji tu, kama mwenye duka apimaye sukari kwa mizani. Ukiweka wapimaji wawili mahali pa mmoja, wakapima sawasawa, kazi yaweza kwenda vizuri zaidi na kwa upesi zaidi. Lakini wasipopima sawasawa, umejiletea makosa mawili mahali palipokuwa na kipimo kimoja. Hili ndilo jambo ninalotaka mlishike leo.

Motokaa mpya za siku hizi hazina kabureta. Petroli yake hupulizwa kwa nozeli ndogo zinazoongozwa na kompyuta. Lakini motokaa za zamani zingaliko kwetu, na wako wenyewe wazipendao kama mtu apendavyo ng'ombe wake wa urithi. Tena, hata msikilizaji asiye na motokaa atafaidika, kwa sababu injini ni mwalimu mzuri wa elimu ya hewa, ya joto na ya vipimo.

Kwanza tuangalie kazi yenyewe ya kabureta. Petroli ya maji haiungui vizuri ndani ya silinda. Ni lazima igeuzwe kuwa kama ukungu na kuchanganyika na hewa kwa kipimo. Kipimo kinachounguza petroli yote bila kubakiza ni kilo 1 ya petroli kwa kilo 14 na sehemu 7 za kumi za hewa. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo; kwa hiyo yahitaji kama kilo 11 za hewa. Mtu husema hewa haina uzito, kumbe kila lita ya petroli yataka hewa yenye uzito wa kama nusu ya debe la maji!

Basi kabureta huvutaje petroli? Jibu lake mmekwisha kuliona mitaani. Upepo ukipita uwanjani huwa mpole, lakini ukiingia katika kichochoro baina ya nyumba mbili hukaza mwendo. Hewa ipitayo katika koo jembamba la kabureta hufanya vivyo hivyo: hukaza mwendo, na ikikaza mwendo kani yake ya kusukuma hupungua. Jambo hili lilielezwa na mtaalamu Daniel Bernoulli katika mwaka 1738. Petroli iliyomo katika bakuli la kabureta husukumwa na hewa ya kawaida hapo juu yake, nayo hupanda kupitia tundu dogo liitwalo jeti, ikatawanyika kooni kama ukungu. Petroli ndani ya bakuli hukaa katika kimo kimoja kwa sababu ya boya dogo, ambalo likipanda hufunga mlango wa petroli, na likishuka huufungua.

Sasa, kwa nini watu wakafikiri kuweka kabureta zaidi ya moja? Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa koo. Koo jembamba ni zuri injini inapokwenda polepole, kwa kuwa hewa hukaza mwendo na kuinua petroli vizuri. Lakini injini ikienda mbio, koo hilo huinyima pumzi, kama mtu akimbiaye huku ameziba pua. Koo pana hutoa pumzi ya kutosha wakati wa mbio, lakini wakati wa polepole hewa hupita kwa uvivu na petroli hainuki sawasawa. Kabureta mbili za kiasi huleta mapatano kati ya mambo hayo mawili.

Sababu ya pili ni njia ya kufikia silinda. Injini yenye silinda nne na kabureta moja katikati hugawa ukungu wa petroli kwa bomba lenye matawi, ambalo mafundi huliita manifoldi. Silinda za mwishoni ziko mbali, na matone mazito hayapindi kona kwa urahisi. Hivyo silinda moja hushiba na nyingine hukaa na njaa. Ukiweka kabureta mbili, kila moja hulisha silinda mbili zilizo karibu nayo, na mgao waweza kuwa wa haki zaidi.

Mifano ya Afrika Mashariki haikosekani. Mashindano ya motokaa yaliyoanza katika mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Katika mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, walishinda kwa Volvo ya aina ya PV544. Motokaa za aina hiyo zilizotengenezwa kwa mwendo wa kasi zilikuwa na kabureta mbili. Katika mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na katika mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda pamoja na Lofty Drews kwa motokaa ya aina iyo hiyo. Datsun 240Z iliyouzwa madukani ilikuwa na silinda sita na kabureta mbili, kila kabureta ikilisha silinda tatu. Lakini angalieni: katika miaka ya 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, nao waliendesha Peugeot 404 isiyo na kabureta hata moja, petroli yake ilipulizwa kwa pampu. Basi ushindi haukuwa wa hesabu ya kabureta. Ulikuwa wa motokaa iliyotengenezwa vizuri na mtu aliyejua kuitunza matopeni.

Kabureta zinazofungwa mbili mbili ni za aina nyingi, lakini mbili zajulikana sana. Ya kwanza ni SU, iliyobuniwa na akina Skinner wa Uingereza, watu waliotoka katika ukoo wa wauza viatu. Koo lake si la ukubwa mmoja. Ndani yake mna pistoni ndogo ipandayo na kushuka kwa kadiri ya hewa inayovutwa, nayo imebeba sindano iliyochongoka ndani ya jeti. Pistoni ikipanda, sindano hupanda, na petroli huongezeka pamoja na hewa. Aina ya pili ni ile iliyotoka katika kiwanda cha Edoardo Weber huko Bologna, Italia. Kabureta nyingi za Weber zilizotengenezwa kwa motokaa za mbio zina makoo mawili katika mwili mmoja, hata kabureta mbili zikawapa silinda nne kila moja koo lake. Jeti zake zimetobolewa kwa kipimo, na kipimo huandikwa juu yake: tarakimu 120 maana yake tundu lenye upana wa milimita 1 na sehemu 20 za mia.

Sasa tufike katika kazi yenyewe. Nitaieleza kwa utaratibu, maana fundi arukaye hatua hujirudisha nyuma.

Hatua ya kwanza ni kuichunguza injini kabla ya kununua cho chote. Pimeni mgandamizo wa kila silinda. Tazameni valvu, plagi, na wakati wa kuwaka kwa cheche. Injini iliyochakaa haiponi kwa kabureta mpya, kama vile mgonjwa wa homa haponi kwa kuvikwa kanzu nzuri.

Hatua ya pili ni manifoldi. Iwe ya injini ile ile, na uso wake uwe umenyooka. Weka rula ya chuma juu yake uitazame kwenye mwanga. Ukiona mwanga ukipenya katikati, uso umepinda, nao hauna budi kusawazishwa. Tumia gasketi mpya. Tundu dogo lisiloonekana kwa urahisi litaingiza hewa isiyopimwa, na hesabu yote itaharibika.

Hatua ya tatu ni njia ya petroli. Mabomba yawe mazima, yafungwe vizuri, yakae mbali na bomba la moshi. Katika injini nyingi za zamani kabureta zimekaa juu ya bomba la moshi kabisa. Hapo wekeni bati la kukinga joto. Pampu isisukume kwa nguvu kuliko boya liwezavyo kuzuia, ama sivyo petroli itafurika na kudondoka penye moto. Motokaa nyingi zimeteketea kwa sababu ya tone kama hilo. Msivute sigara mahali pa kazi, wala msinyonye petroli kwa mdomo na mpira, desturi ambayo tungali tunaiona kando ya barabara. Petroli ikiingia mapafuni yaweza kumwua mtu.

Hatua ya nne ni kuunganisha kabureta na kikanyagio cha mafuta. Vilango vya hewa vya kabureta zote mbili vifunguke wakati mmoja, na vifunge wakati mmoja. Pia kila kilango kiwe na springi yake ya kukirudisha. Kilango kikikwama wazi, motokaa itazidi kukimbia hata dereva akiondoa mguu. Jambo hilo likitokea katika mteremko wenye watoto watokao shuleni, kosa la fundi litalipwa na asiyehusika.

Hatua ya tano ndiyo moyo wa kazi yote, nayo ni kuzilinganisha kabureta. Wazee wetu husema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Kabureta mbili zaweza kukaa katika injini moja, lakini kwa sharti kwamba zisishindane. Fikirini wavuvi wawili katika mtumbwi, mmoja akivuta kasia kwa nguvu na mwenziwe akigusa maji tu: mtumbwi utazunguka pale pale.

Namna ya kuzilinganisha ni rahisi, nayo haihitaji chombo cha thamani. Ondoa vichujio vya hewa, kisha legeza kiungo kiunganishacho kabureta, ili kila moja iwe peke yake. Washa injini, uiache mpaka ipate joto lake la kawaida. Chukua kipande cha mpira mwembamba. Ncha moja uiweke mdomoni mwa kabureta ya kwanza, na ncha ya pili sikioni. Utasikia mvumo wa hewa. Hamia katika kabureta ya pili, ncha ukiiweka mahali pale pale. Ikiwa mvumo wa moja ni mkubwa, punguza skrubu ya kilango chake au ongeza ya mwenziwe, mpaka mvumo uwe mmoja. Ndipo ukaze kiungo, usikilize tena.

Kisha pima petroli. Katika kabureta ya SU, inua ile pistoni ndogo kidogo sana, kama unene wa milimita 1. Mwendo wa injini ukizidi na kuendelea kuzidi, petroli imezidi. Mwendo ukianguka na injini ikataka kuzimika, petroli imepungua. Ukizidi kidogo kwa nukta moja kisha ukarudi, kipimo ni sawa. Msisahau kutia mafuta mepesi katika kijibomba cha juu ya pistoni, maana ndiyo yaizuiayo kurukaruka. Mwisho, baada ya safari ya kilometa chache, fungua plagi zote uzitazame. Rangi ya udongo mkavu ni njema. Masizi meusi ni dalili ya petroli nyingi. Weupe ni dalili ya petroli chache, tena ni onyo kubwa.

Sasa naja kwa jambo linalotuhusu sisi wa Mwanza kuliko watu wa pwani. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya bahari. Hapa kani ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja katika nane ya ile ya Dar es Salaam. Lita ya petroli ambayo pwani hutosheka kwa mita za ujazo kama 9 na nusu za hewa, hapa yataka zaidi ya 10 na nusu. Hakuna kabureta, iwe moja au sita, iwezayo kuongeza uzito wa hewa iliyo nyepesi. Zaidi ya hayo, kabureta iliyopimwa pwani itatoa petroli nyingi mno hapa. Na kabureta iliyopimwa hapa itatoa petroli chache mno ikishuka pwani.

Jambo hilo la pili ndilo la hatari. Watu wengi hudhani kwamba petroli ikipungua injini hupoa. Kumbe, injini inapobeba kazi nzito huku petroli imepungua, joto la silinda huzidi, injini huanza kugonga, na juu ya pistoni huweza kuyeyuka. Tena katika injini yenye kabureta mbili dereva huenda asitambue, maana silinda zilizoshiba huficha udhaifu wa ile yenye njaa. Motokaa yaenda, sauti yake ni tamu, na huku pistoni moja yaungua.

Jirani yangu mmoja alipatwa na mkasa huo. Alikuwa na motokaa ndogo ya zamani, akafungiwa kabureta mbili na fundi mwenye sifa ya kujua kila kitu kwa sikio. Hapa mjini motokaa ilikwenda vizuri, na ili kupunguza matumizi ya petroli fundi akaweka jeti ndogo zaidi. Kisha jirani akasafiri kwenda Dar es Salaam kwa arusi ya binti yake, amepakia watu na mizigo. Shinyanga alipita, Singida akapita, Dodoma akapita. Baada ya Morogoro, nchi iliposhuka na joto kuzidi, injini ikaanza kugonga. Naye hakujua maana ya sauti ile, akazidi kukanyaga mafuta. Kabla ya kufika Chalinze moshi ulijaa nyuma yake, na injini ikafa. Pistoni ya silinda ya nne ilikuwa na tundu. Alifika arusini kwa basi, usiku, chakula kimekwisha kuliwa. Na kuitengeneza injini kulimgharimu ng'ombe wawili. Jeti mbili za kipimo cha pwani, zitoshazo katika mfuko wa shati, zingaliweza kumwokoa.

Basi je, tufunge kabureta mbili au tusifunge? Shauri langu ni hili. Kama motokaa yako ni ya kuchukulia dagaa kutoka Kirumba kwenda magulioni, unachohitaji ni nguvu ya kuvuta polepole na matumizi madogo ya petroli. Itunze kabureta yako moja, isafishe, na fedha inayobaki ulipe karo. Kama motokaa yako ilitoka kiwandani na kabureta mbili, usimkubali fundi akuambiaye uondoe moja kwa kuwa ni taabu. Mtafute ajuaye kulinganisha. Na kama unapenda mwendo, au wataka kuingia katika mashindano ya motokaa za zamani kama yale ya East African Safari Classic yaliyoanza katika mwaka 2003, nayo mara kadhaa yamepita Tanzania, basi fanya kazi hiyo, lakini anza na breki na tairi kabla ya kabureta. Motokaa inayokwenda mbio kuliko inavyoweza kusimama si mali, ni msiba.

Nanyi wanafunzi mnaonisikiliza, kuna daftari ambalo kila fundi apaswa kuwa nalo, ingawa wachache wanalo. Andikeni ndani yake kipimo cha kila jeti, rangi ya kila plagi, mwinuko wa mahali, na siku ya kazi. Sikio la fundi mzoefu ni kitu cha thamani, wala silidharau. Lakini sikio haliachi urithi. Fundi akifa, sikio lake hufa pamoja naye. Kipimo kilichoandikwa kitamfaa mwanafunzi wake Mwanza, na mwanafunzi wa mwanafunzi wake Dar es Salaam, na hata mtu ambaye hawatamwona kamwe.